Chupa Iliyofichwa Nyuma ya Blanketi

Leo nataka tuzungumze juu ya chupa moja ya divai. Msishtuke. Sina nia ya kumfundisha mtu kunywa, wala sina nia ya kuwasumbua wale ambao hawajaonja pombe maishani mwao. Chupa hii ilitoka mbali, katika nchi ya Chile, Amerika ya Kusini. Iliponifikia mikononi ilikuwa imekwisha kuleta ugomvi wa siku tisa katika nyumba ya watu wanaopendana.

Ilikuwa hivi. Jioni moja baada ya mafundisho, mume na mke walibaki nyuma kwenye benchi hadi watu wote wakatoka. Wamekaa katika ndoa miaka 16, na wameniruhusu kueleza habari zao bila kuwataja majina. Mke alifungua mkoba akatoa risiti ya supamaketi. Mume akatoa chupa kutoka kwenye mfuko, ikiwa haijafunguliwa.

"Mwalimu," mke akasema, "soma hapo chini. Shilingi 2,350. Mtoto wetu wa kidato cha pili bado anadaiwa karo. Nimeikuta kabatini nyuma ya blanketi za wageni. Tuambie, hii ni dhambi au si dhambi?"

Mume akajibu polepole, lakini kwa uchungu. "Mwalimu, mimi siendi baa. Mshahara wangu unafika nyumbani. Tulipomuaga mwenzetu kazini nilionja divai ya namna hii, kidogo tu, nikajiambia siku moja nitanunua yangu. Nimefanya kazi miaka 20. Je, vitu vizuri vimeumbwa kwa ajili ya matajiri peke yao?"

"Basi kwa nini uliificha?" nikamwuliza.

"Kwa sababu najua angesema nini. Mama watoto ni mbahili."

Mke akanyamaza. Niliona kwamba neno hilo limemchoma, na kwamba hakuwa analisikia kwa mara ya kwanza.

Sikuwa na jibu la papo hapo. Niliwaomba wanipe wiki mbili, na chupa waiache vile ilivyo. Kisha nikaenda kusoma na kuulizia. Mambo niliyoyapata ndiyo haya.

Je, bei peke yake ni kosa?

Swali la mume yule si la kudharauliwa. Wengi wetu tumelelewa tukiamini kwamba mtu wa kawaida akipata raha ya gharama ameiba kitu fulani kwa mtu fulani. Tunaona haya kununua kitu kizuri, na tukikinunua tunakificha.

Lakini arusi ya Kana inatusahihisha. Mwinjili Yohane anataja mitungi sita ya mawe, na wataalamu wanakadiria kwamba kila mmoja uliweza kuchukua lita 80 hadi 120 hivi. Hicho si kipimo cha mtu anayehesabu matone. Isitoshe, mkuu wa karamu hakusifu wingi wa divai, alisifu ubora wake. Bwana wetu hakuwapa watu wa kijijini divai hafifu kwa kuwa ni watu wa kijijini. Naye Mtakatifu Tomaso wa Akwino, katika karne ya 13, alijiuliza kama kunywa divai ni haramu, akajibu kwamba kwa yenyewe si haramu. Alisema huweza kuwa kosa kwa sababu ya mnywaji, kiasi chake, ahadi aliyoiweka, au watu anaowakwaza.

Kumbukeni pia yule mwanamke wa Bethania aliyemwaga marhamu ya nardo. Bei yake ilikisiwa kuwa dinari 300, na dinari moja ilikuwa ujira wa kibarua kwa siku. Kulikuwa na mtu mezani aliyelalamika kwamba fedha hizo zingewafaa maskini. Mwinjili anatuambia wazi kwamba mtu huyo hakuwajali maskini. Kwa hiyo si kila anayepigia kelele gharama anawatetea wahitaji, kama vile si kila anayenunua kitu cha gharama ni mbadhirifu.

Hata hivyo, mume yule asifurahi upesi. Marhamu ile ilimwagwa kwa ajili ya mwingine. Ilimwagwa mbele ya wote, na harufu yake ikajaza nyumba nzima. Chupa iliyo nyuma ya blanketi hainukii. Haimpi harufu mtu yeyote, hata yule aliyeificha.

Vilevile tusidanganyane kuhusu afya. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba hakuna kiasi cha pombe kinachoweza kuitwa salama kabisa kwa mwili. Mama mjamzito asinywe. Aliyewahi kufungwa na ulevi akafunguliwa asijaribu nguvu zake kwa glasi moja. Walioweka ahadi ya Pioneer waiheshimu ahadi yao, na mwenzi wao aiheshimu pamoja nao. Ninayoyasema hapa yanawahusu wale ambao glasi moja haiwaharibii kitu, nao wenyewe wanajua kama wamo au hawamo.

Safari ya chupa hii

Unaponunua divai ya mbali unanunua nini? Usione vyaelea, vimeundwa.

Chile ni nchi nyembamba na ndefu, kama utepe uliobandikwa ukingoni mwa Amerika ya Kusini. Kutoka kaskazini hadi kusini ni kilomita zipatazo 4,300. Upande wa mashariki ina milima ya Andes, magharibi bahari ya Pasifiki, na kaskazini jangwa la Atacama. Mizabibu ililetwa na Wahispania katika karne ya 16, na moja ya kazi zake za kwanza ilikuwa kupata divai ya Misa. Katikati ya karne ya 19 wenye mashamba wakubwa wakaleta mizabibu mipya kutoka Ufaransa, wakaipanda katika mabonde kama Maipo, ambayo hunyweshwa kwa maji ya theluji inayoyeyuka mlimani.

Kwa kuwa nchi hiyo iko kusini mwa ikweta, mavuno yake huanza Februari na kuendelea hadi Mei, wakati Ulaya bado haijaona hata ua la mzabibu. Zabibu hukamuliwa, huchachuka, divai hutulia katika mapipa au matangi, kisha hutiwa chupani. Makontena hutoka katika bandari kama San Antonio na Valparaíso na kuvuka bahari kuu hadi Mombasa. Hapo kuna ushuru wa forodha, ushuru wa bidhaa na VAT, kisha faida ya mwenye kuleta na ya mwenye duka. Kwa hiyo katika zile shilingi 2,350, sehemu kubwa si ya divai hata kidogo. Ni ya kioo, meli, serikali na rafu ya supamaketi. Mnunuzi ajue hivyo, asije akafikiri kwamba kila shilingi aliyotoa imegeuka kuwa ladha.

Kuna hadithi moja ya Chile iliyonichekesha. Kampuni ya Concha y Toro ilianzishwa mwaka 1883 na Don Melchor Concha y Toro. Inasimuliwa kwamba mzee huyu aliona divai zake bora zinaibwa katika ghala la chini ya ardhi. Akaeneza uvumi kwamba humo ndani anakaa shetani. Wezi wakaogopa, na hadi leo kampuni hiyo huuza divai iitwayo Casillero del Diablo, yaani kabati la shetani.

Kwa mfanyabiashara mwenye wezi, hiyo ilikuwa hila nzuri. Lakini katika nyumba ya mume na mke hila hiyo hugeuka. Ukiweka kabati ambalo mwenzako haruhusiwi kulifungua, hutahitaji kueneza uvumi wowote. Shetani atahamia mwenyewe. Leo ni chupa ya divai, kesho ni mkopo wa simu, keshokutwa ni namba isiyo na jina. Hata akina mama wanaficha. Wapo wenye chama ambacho baba watoto hajawahi kukisikia. Wahenga walisema mficha uchi hazai, nao walijua ndoa kuliko sisi.

Mzabibu ulioitwa kwa jina la mwingine

Sasa nifike katika jambo lililonigusa zaidi. Kwenye lebo ya chupa ile kulikuwa na neno Carménère. Ni jina la aina ya zabibu, na historia yake ni fundisho zima la ndoa.

Zabibu hii ilikuwa ya Bordeaux, nchini Ufaransa. Katika miaka ya 1860 mdudu mdogo sana aitwaye filoksera, aliyetoka Amerika ya Kaskazini, alianza kuharibu mizizi ya mizabibu ya Ufaransa. Mashamba yakafa kwa maelfu. Wakulima walipopanda upya, wengi waliiacha Carménère kwa sababu huchelewa kuiva na maua yake hupukutika kwa urahisi. Ikadhaniwa kwamba imetoweka karibu kabisa.

Lakini kabla ya balaa hilo, miche yake ilikuwa imepelekwa Chile pamoja na miche ya aina nyingine iitwayo Merlot, ambayo majani yake yanafanana nayo. Mdudu yule hakuenea Chile. Basi mizabibu hiyo miwili ikaishi pamoja katika shamba moja kwa zaidi ya miaka 100, na yote ikaitwa Merlot.

Fikirini yaliyofuata. Merlot huiva mapema. Carménère huiva wiki tatu au nne baadaye. Mkulima alivuna yote kwa siku moja, kwa kuwa kwake yote ilikuwa Merlot. Zabibu zilizoiva zilichanganywa na zile ambazo bado. Divai ikatoka na ladha kali ya ubichi, kama pilipili hoho mbichi. Watu wakalalamika kwamba Merlot ya Chile ina tabia ngumu, kumbe sehemu yake haikuwa Merlot. Ilikuwa zabibu njema iliyovunwa kabla ya wakati wake, chini ya jina lisilo lake.

Tarehe 24 Novemba 1994, mtaalamu wa mizabibu kutoka Ufaransa, Jean-Michel Boursiquot, alitembelea shamba la Viña Carmen katika bonde la Maipo. Mwezi huo ni wakati wa maua huko. Alisimama mbele ya mche mmoja, akainama, akatazama ua lake kwa makini, akatambua kwamba mche ule si Merlot bali Carménère. Mwaka 1998 serikali ya Chile iliitambua zabibu hiyo rasmi. Wakulima wakaanza kuitenga na kuisubiri. Ilipopewa wiki zake, ule ukali ukapungua, ikatoa divai nyeusi, laini, yenye kukumbusha matunda yaliyoiva.

Mche haukubadilika siku ile ya Novemba. Kilichobadilika ni kwamba mtu mmoja aliacha kusoma jina, akautazama mche wenyewe.

Macho huonja kabla ya ulimi

Kumbe kosa la kuonja jina badala ya kitu si la wakulima wa Chile tu. Mwaka 2001 ilichapishwa taarifa ya jaribio lililofanyika Bordeaux. Wanafunzi 54 wa elimu ya divai walipewa divai nyeupe iliyotiwa rangi nyekundu isiyo na harufu. Wakaieleza kwa maneno ya divai nyekundu. Hawa walikuwa watu wanaosomea kazi hiyo. Macho yao yaliuambia ulimi la kusema.

Jambo hilo lina upande wake wa pili. Tarehe 23 Januari 2004, mjini Berlin, wataalamu wa Ulaya walionja divai za Ufaransa, Italia na Chile bila kuona lebo. Divai mbili za Chile, Viñedo Chadwick ya mwaka 2000 na Seña ya mwaka 2001, zilichukua nafasi ya kwanza na ya pili, mbele ya divai za Ufaransa zenye jina kubwa kama Château Lafite. Lebo zilipofichwa, chema kilijiuza.

Basi nauliza: kuonja ni nini? Kunywa ni kukimaliza kitu. Kujionyesha ni kukitumia kitu ili watu wakuone wewe. Kuonja ni kitendo cha tatu. Ni kusimama mbele ya kitu, kukipa muda, na kukiacha kiseme kilivyo kabla hujasema wewe. Mtu anayenunua divai ya bei kubwa akaimeza upesi huku akitaja bei yake hajaonja kitu. Ameonja risiti.

Kwa hiyo nadhani jibu la swali la mume yule ni hili. Vitu vizuri havikuumbwa kwa ajili ya matajiri peke yao, bali kwa ajili ya wanaoweza kuvipokea. Na katika ndoa, dalili ya kwanza kwamba unaweza kupokea kitu kizuri ni kwamba unaweza kukiweka mezani mbele ya mwenzako.

Walivyorudi

Baada ya wiki mbili walirudi, nikawasimulia habari ya mzabibu ule. Sikuongeza neno. Mume alikaa kimya muda mrefu, kisha akamgeukia mkewe akamwuliza swali ambalo, kwa maelezo yake mwenyewe, hakuwahi kumwuliza kwa miaka 16: "Mama watoto, ukiona chupa, unaona nini?"

Mke akasema. Baba yake alikuwa mlevi. Siku ya mshahara, watoto walikuwa wakikaa gizani wakisikiliza hatua zake ili wajue amekuja na moyo gani. Mama yake alizoea kuficha pesa za unga katika mkebe wa majani chai, na baba yake alizoea kuficha chupa ghalani, nyuma ya magunia. "Nilipoiona chupa nyuma ya blanketi," akasema, "sikuona shilingi 2,350. Niliona ghala la baba."

Mume aliinamisha kichwa. Kwa miaka yote hiyo alikuwa amevuna hofu ya mkewe akiita ubahili. Naye mke, kwa haki, alikubali kwamba alikuwa amemhesabu mumewe kuwa mlevi kwa kosa la mtu mwingine aliyekufa zamani. Kila mmoja alikuwa anaishi na mtu, lakini anasoma lebo.

Waliniuliza tena kama ilikuwa dhambi. Nikawaambia ninavyofikiri mimi, nikijua kwamba mimi ni katekista tu, na kwamba dhamiri na maungamo vina mahali pake. Kununua divai hakukuwa kosa. Kuinunua wakati karo ya mtoto inadaiwa lilikuwa kosa la mpangilio, nalo hurekebishwa kwa daftari na kalamu. Kuificha ndiko kulikovunja kitu. Na lile neno "mbahili" lilikuwa limevunja zaidi, kwa kuwa lilianza kabla ya chupa.

Hapa naomba nisieleweke vibaya. Si kila jina ni la uongo. Kama mume anakunywa mshahara na kumpiga mke, huyo si Carménère inayosubiri kuiva. Mke wa mtu kama huyo asiambiwe avumilie na kutazama ua. Atafute usalama wake na wa watoto, na sisi wa Jumuiya tumsaidie. Subira niliyoieleza ni ya watu wawili ambao wote wako mezani.

Yaliyotokea kwa chupa niliyasikia baadaye. Mume alitaka kuigawa. Mke alikataa. Walilipa kwanza karo iliyobaki, wakaandika ile chupa katika daftari la matumizi ya nyumba, chini ya neno "sherehe", na siku ya kukumbuka arusi yao wakaifungua mezani, taa ikiwa inawaka, na nyama ya kuchoma. Mume alikuwa amekariri maneno mazuri ya kusifu divai. Mke alinusa glasi yake, akanusa tena, akasema, "Hii inanukia hoho." Alikuwa sawa kabisa. Mume alikuwa bado hajanusa.

Naomba niseme ukweli wote: mke hakuipenda. Alimaliza nusu glasi akasema chai ni bora. Lakini alikaa mezani hadi mumewe akamaliza yake, na divai iliyobaki wakawakaribisha jirani zao mume na mke, siku iliyofuata.

Kwa wale watakaotaka kununua

Kwa wasomaji ambao wangependa kujaribu pamoja, natoa mashauri machache.

1. Kubalianeni kwanza juu ya kiasi cha pesa, na kitoke katika fedha zilizobaki baada ya karo, chakula, kodi na sadaka. Kama hakuna kilichobaki, mwezi huu hakuna chupa. Hakuna aibu katika hilo.

2. Someni lebo pamoja. Tafuteni jina la nchi, bonde, aina ya zabibu na mwaka wa mavuno. Kwa sheria ya Chile, divai ikitaja aina moja ya zabibu, angalau asilimia 75 iwe ya aina hiyo. Neno "Reserva" peke yake si ushahidi wa ubora. Kifuniko cha kuzungusha si dalili ya divai mbaya, na kizibo si dalili ya divai nzuri.

3. Msidanganyike kwamba divai yoyote ikizeeka inakuwa bora. Divai nyingi za bei ya kawaida zimetengenezwa zinywewe katika miaka michache. Kataeni chupa iliyokaa dirishani mwa duka juani.

4. Katika sehemu za joto kama Mombasa au Kisumu, hata divai nyekundu iwekwe kwenye friji kama nusu saa kabla ya kufunguliwa. Joto kali hufanya pombe ipande puani na kufunika harufu nyingine zote.

5. Mimineni kidogo, si zaidi ya theluthi ya glasi. Tazameni rangi. Zungusheni glasi polepole, mnuse. Kunyweni funda dogo, mlikalishe mdomoni kabla ya kumeza. Kisha kila mmoja aseme alichokipata, na mwenzake asimsahihishe. Pua yako si pua yake.

6. Chupa ya mililita 750 hutoa glasi tano za kawaida. Watu wawili hawalazimiki kuimaliza. Izibeni, iwekeni kwenye friji, na mwalike mtu kesho.

7. Mwenzi asiyekunywa asilazimishwe na asichekwe. Mmiminieni maji ya matunda katika glasi iliyo sawa na yenu. Jambo la maana ni kukaa meza moja.

Wapenzi wasomaji, nyumba nyingi hazitanunua kamwe divai ya Chile, na hazitapungukiwa na kitu. Uki wa Ukambani, muratina ya Mlima Kenya na mnazi wa Pwani vimekuwa na adabu zake tangu zamani. Mzee hakunywa peke yake nyuma ya nyumba, alimiminiwa mbele ya watu, na katika maongezi ya mahari kinywaji kilikuwa ushahidi kwamba koo mbili zimekutana. Wazee wetu walijua kwamba kinywaji kizuri hutaka mashahidi. Kinachokosa shahidi, hata kiwe kitamu namna gani, kimekwisha kuanza kuchacha.

Maswali ya kuzungumzia nyumbani

Je, kuna kabati, simu au daftari katika nyumba yetu ambalo mmoja wetu anaogopa mwenzake alifungue?

Ni jina gani nimezoea kumwita mwenzangu moyoni, na ni lini mara ya mwisho nilitazama kama jina hilo ni lake?

Ni kitu gani kizuri, cha bei ndogo au kubwa, ambacho tungependa kukionja pamoja mwaka huu, na tutakiandika wapi katika daftari letu?